Miwani ya Kuonea Kichwa cha Mke

Benchi lina miguu mitatu na tofali, nalo limeegemea ukuta wa kinyozi. Asubuhi hiyo kinyozi hakufungua duka. Alikaa na kikombe cha kahawa akiwasimulia wenzake alivyovishwa hospitalini miwani mikubwa ya kompyuta, mfano wa ile ya mchomeleaji, akajikuta amesimama ndani ya kichwa cha mkewe. Uvimbe ulikuwa mbele yake, umemzidi kimo, umezungukwa na mishipa kama mabomba chini ya sinki. Humo ndimo daktari bingwa alimokuwa akijaribu njia ya kupita, maana kesho anapasua kweli. Muuguzi alimwonya kinyozi, kwa mujibu wa taratibu, asiguse chochote. Hapakuwa na cha kugusa.

Redio, aliyeitwa hivyo kwa kutozimika, aliona kazi imekwisha.

– Kama wameshampasua kwenye miwani, shemeji kapona. Dalili ya mvua ni mawingu.

Mstaafu wa masjala, ambaye hata kijiweni hugonga benchi kama anayepiga muhuri, alikataa.

– Ile ni rasimu, bwana. Na mambo yakiharibika, watasema rasimu ilikuwa sahihi, kichwa ndicho kilichokosea.

Redio hakurudi nyuma. Alisema siku zinakuja ambapo watapasua picha tu, mgonjwa yuko kwake anakunja nguo. Kisha akaongeza kwamba uponyaji wenyewe utatumwa kwa simu. Mstaafu akauliza utapitia ofisi gani. Kinyozi hakucheka.

– Bingwa alinionyesha sehemu ya maneno. Imegusana na uvimbe. Akasema huenda mke wangu akaamka asiweze kusema.

Redio mwenyewe akazimika.

– Kuvuja kwa pakacha... – Mstaafu akajaribu, kisha akaona methali haifiki popote, akaiacha.

Ukingoni alikuwa amekaa mteja mgeni, anasubiri kunyolewa.

– Samahani, kaka. Shemeji mwenyewe alipouona uvimbe huo kwenye miwani, alisemaje?

Miwani ilivaliwa na bingwa, na wasaidizi wake, na mume. Mwenye kichwa aliambiwa tu asile kitu usiku.

Kinyozi aliweka kikombe chini kikiwa na kahawa, akavaa viatu vizuri kwenda hospitali kumuuliza. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado sana. Mstaafu alifungua mdomo kumkumbusha, akaufunga.