Kirusi Ndani ya Kasha la Miwani

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha salama leo, ninyi mlioketi ndani na ninyi mliokosa viti mkasimama barazani. Mchungaji amenipa dakika chache. Nitazitumia kusema jambo la aibu, na aibu yenyewe ni yangu.

Wengi mnanifahamu. Ni mzee wa kanisa hapa Mtoni, mstaafu wa bandarini nilikokuwa karani. Mke wangu Bwana alimtwaa. Nyumbani naishi na mkwe wangu Esta, mke wa mwanangu Joeli. Joeli anafanya kazi Mtwara, tunamwona mara chache kwa mwaka. Esta anafundisha chekechea, na jioni huandaa masomo ya watoto kwenye kompyuta ya sebuleni. Kompyuta hiyohiyo mimi huandikia ratiba ya ibada mnayogawiwa mlangoni kila Jumapili.

Sasa ndugu zangu, Jumanne moja alasiri wazee wenzangu walikuja kwangu kupanga sikukuu ya mavuno. Nikawasha kompyuta niwaonyeshe ratiba. Kabla sijaifikia, likafunguka dirisha la kamari, likafuata la pili, na la tatu lilikuwa na wanawake waliovaa kidogo sana. Nalifunga, linafunguka. Mzee Chilumba akavua kofia yake, akasema taratibu, "Mzee mwenzangu, na hiki nacho ni kipindi cha maombi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Moyoni nilikuwa nimeshajiuliza ni nani anayekaa kwenye hiki kiti nikiwa sipo. Na jibu nilikuwa nalo, maana nyumbani tuko wawili tu.

Haikuishia hapo. Nilikuwa nimeandika wosia wangu, nani akae kwenye nyumba, nani atunze shamba la korosho kule kwetu. Sikuuacha ndani ya kompyuta kwa kuwa Esta anaitumia. Niliuweka kwenye flashi, na flashi nikaihifadhi ndani ya kasha la miwani yangu. Siku chache baada ya aibu ile ya wazee, nikaichomeka nisahihishe jina moja. Folda ya wosia haipo. Mahali pake pana alama yenye kimshale, nikiibofya dirisha jeusi linamulika kidogo na kutoweka.

Nikaichomoa flashi. Nikasema, ameusoma, hakuupenda, ameuficha.

Ndugu zangu, shaka ikishaingia moyoni haikosi chakula. Esta akinyamaza, naona anaficha. Akiongea na simu uani, nasogea dirishani. Akinipa chai, nautazama uso wake badala ya kikombe. Nikaweka neno jipya la siri kwenye kompyuta, nikamwambia imeharibika. Akasema, "Haya baba," akaanza kuandika masomo ya watoto kwa mkono. Na mimi, mtu niliyefundisha kipaimara miaka mingi, nikachukua poda ya watoto nikanyunyiza juu ya kasha la miwani ili nione atakayeligusa. Kesho yake poda imefutika. Nikashangilia peke yangu kama mwindaji. Sikumwuliza. Kumwuliza mtu usoni kulinishinda, lakini kumvizia niliweza.

Kisha nikafanya baya kuliko hayo, na wanajumuiya wanalikumbuka. Ibada ya nyumba kwa nyumba ilipofika kwangu, ulipofika wakati wa maombi maalumu nikasimama nikasema, "Niombeeni, ndani ya nyumba yangu kuna mkono unaoiba, Bwana aufunue." Sikutaja jina. Lakini nyumba ina watu wawili, na mmoja ndiye aliyekuwa akiomba. Esta alikuwa amebeba sinia la vikombe mlangoni. Macho yote yakamwendea. Aliweka sinia chini, akagawa chai kwa kila mtu, kisha akaingia chumbani. Tunajua jinsi tunavyofanya, wapendwa. Jambo tusilothubutu kulisema kama shitaka, tunalisema kama ombi, na watu wanaitikia amina.

Baada ya hapo nikampigia Joeli.

"Baba, umemwona akichukua?"

"Sijamwona. Lakini nani mwingine?"

Joeli akasema, "Basi shule ikifungwa aende kwao Newala. Nitakuja nizungumze na wazee wake."

Mnaelewa maana yake. Mke anarudishwa kwao na jina la wizi, na ndoa inabaki mikononi mwa vikao. Nililitaka hilo. Nikaanza kufunga siku tatu ili Bwana amfunue kabla hajaondoka, watu wasije kusema nimemwonea.

Siku ileile niliyoanza kufunga, Esta akaenda msibani Mbagala, akalala huko hadi siku ya tatu. Nikafurahi, nikasema sasa mashine itatulia. Nilipoiwasha, madirisha yakafunguka kuliko mwanzo. Nikachomeka flashi mpya niliyoinunua asubuhi ile, nikaweka humo folda ya mahubiri. Nikaichomoa, nikaichomeka tena. Folda imekwenda, kimshale kimekaa.

Neno la siri nalijua peke yangu. Mlango niliufunga mwenyewe. Nilitazama huku na huku sebuleni, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mtu wa kumshuku. Niliogopa, ndugu zangu. Nilichukua mafuta ya upako nikaipaka kompyuta. Madirisha yaliendelea kufunguka.

Siku ya tatu nikaibeba hadi Buguruni, kwa fundi mmoja, Bi Salma, mama wa makamo aliye na kibanda nyuma ya soko. Alinipa shikamoo na kiti. Nikamwambia sikuja kutengenezewa, nimekuja kutafuta ushahidi. Anionyeshe siku na saa mkwe wangu alipofuta wosia.

Alichomeka flashi ya kwanza, akabonyeza hapa na pale. "Hakuna aliyefuta, mzee. Hiki ni kirusi. Folda zako zimefichwa tu, na hivi vimshale ni mtego. Kila ukibofya kimoja unakiamsha, kinahamia kwenye kompyuta. Kikishakaa humo, kila flashi utakayochomeka kinaipanda." Kisha akauliza, "Flashi hii inalala wapi?"

"Kwenye kasha la miwani."

"Na mchana inatembea wapi?"

"Haitembei. Labda Jumamosi, naipeleka steshenari kuchapa ratiba ya ibada."

Aliniangalia, akaziba mdomo kwa mtandio. "Unaichomeka kwenye kompyuta ambayo Temeke nzima inachomeka. Mzee wangu, mkweo umemficha wosia, wao ukawapa mkononi kila wiki?"

Nikamkabidhi na ile flashi mpya.

Alifanya kazi yake nikiwa nimekaa pale. Aliikata kompyuta na intaneti kwanza. Akaweka programu ya kuua virusi, ikapekua faili moja moja muda mrefu, ikatoa orodha ya wadudu walioingia. Akaviondoa vitu vilivyojipachika kwenye kivinjari, ambavyo ndivyo vilivyoleta kamari na wale wanawake. Akaipekua hadi mara ya pili ikawa safi, na flashi zote mbili vilevile. Mwisho akaamuru mafaili yaliyofichwa yaonekane. Wosia wangu ukatokea, haukupungua neno. Ulikuwa humohumo muda wote. Akaniagiza nibadilishe maneno ya siri ya barua pepe yangu, na nisichomeke tena flashi iliyotoka nje kabla ya kuipekua.

Nilipokuwa nafunga mfuko akaniuliza, "Na kompyuta nyingine umeigusa kwa flashi hii?" Nikakumbuka ofisi ya kanisa. Mama katibu, ule ugonjwa wa kompyuta yenu uliowapotezea orodha ya watoto wa ubatizo, mimi ndiye niliyeuleta. Bi Salma ameshaisafisha, na orodha imeonekana.

Nilipofika nyumbani Esta alikuwa amerudi, anapanga vitabu vya watoto ndani ya boksi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Poda nayo nikaitaja.

"Poda niliiona," akasema. "Nilikuwa nafuta vumbi mezani, nikainua kasha, nikaona mkono wangu mweupe. Nikajua baba ananitega. Tangu siku ile meza yako sijaifuta."

Nikamwomba msamaha. Akaendelea kupanga vitabu.

"Kusamehe nitakusamehe, baba, nipe siku. Na Joeli nitaongea naye mwenyewe, ni mume wangu. Lakini jumuiya ilikusikia wewe. Jana msibani mama mmoja wa hapa alivuta pochi yake nilipokaa karibu. Huko siwezi kwenda kujisemea. Huko utasema wewe."

Ndiyo maana niko mbele yenu, wapendwa. Esta hakuiba kitu. Hakuficha kitu. Hajawahi kuufungua wosia ule, na ule mkono niliouombea ufunuliwe ulikuwa wangu. Bwana alijibu maombi yangu ya siku tatu, ila alinifunua mimi. Namshukuru kwa hilo, kwa maana angeninyamazia, leo mke wa mtu angekuwa kwenye basi la Newala na mimi ningekuwa hapa mbele nikiwasomea matangazo.

Na wewe uliye na ombi lisilo na jina kuhusu mtu wa nyumbani mwako, usilipeleke kwenye jumuiya kwanza. Mtegemee Mungu kiasi cha kumwuliza mtu huyo akiwa mbele yako, na umpe nafasi ya kujibu. Kama kuna adui, Mungu anamwona hata mahali usipofikiria kutazama.

Esta ameketi safu ya tatu, upande wa akina mama. Leo asubuhi amenijibu salamu yangu, na amefuta meza. Joeli yuko njiani, anakuja kumwona mkewe hapahapa Mtoni. Tukitoka, msije kunipongeza mimi kwa ushuhuda. Nendeni kwake. Na wewe mama uliyevuta pochi, tangulia.