Sista Kohoa Anaaga Chumba Namba Nne

Ijumaa ya tarehe 29 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi mkunga wetu wa chumba namba nne atavua sare kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika hospitali hii. Karibu yote ameimalizia kitengo cha uzazi wa mpango, akiweka na kutoa vitanzi. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu mimi, karani wa masjala ya kadi. Kwa nini mimi, sijui. Niliuliza, nikajibiwa kwamba nina mwandiko mzuri, na jarida lenyewe linachapwa kwa kompyuta!

Aliripoti kazini akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Miezi michache tu wodi ya wazazi, akapelekwa kozi ya wiki sita, akarudi na sanduku la vifaa ambalo hakuna aliyethubutu kulifungua. Nimejaribu kuhesabu kwenye rejista ni wanawake wangapi amewahudumia. Nilihesabu mara mbili nikapata majibu mawili, kwa hiyo tuseme elfu sita na ushee.

Jina la Sista Kohoa limetokana na kazi. Kitanzi chenyewe ni kidude kidogo chenye shaba, kifupi kuliko kidole gumba, lakini wakati wa kukiweka kuna mahali panabana. Hapo Sista humwambia mteja akohoe, tena kwa nguvu, maana mwili ukikohoa husahau kujikaza. Mlinzi mmoja mgeni alisimama koridoni asubuhi nzima akisikia wanawake wakikohoa mle ndani, mmoja baada ya mwingine. Akaona hiki ndicho chumba cha kifua. Alipotokea babu mmoja anayekohoa, akamshika mkono kwa heshima zote, akamwingiza. Babu alitoka mbio kuliko alivyoingia. Sista alimfuata na kikombe cha maji, akampeleka mwenyewe kwa daktari wa kifua, wala hakumchongea yule mlinzi kwa mtu.

Hadi hapo mambo yanakwenda. Ila kamati inataka na ushuhuda wa wateja, na hapo ndipo nilipokwama. Nimezunguka wiki nzima. Mmoja aliniambia hajawahi kufika hospitali hii, na kadi yake nimeishika mimi kwa mikono yangu. Mwingine aliniona akavuka barabara. Siwalaumu, kila mtu ana nyumba yake. Lakini jamani, mtu afanye kazi miaka yote hiyo, aondoke bila hata mmoja wa kusema alinisaidia? Nimekosa usingizi kwa hilo. Basi shahidi ni mimi.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa mpya masjala, na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Mama mkwe wangu, msimamizi wa dobi hapahapa hospitalini, ndiye aliyenitafutia kazi. Tuliishi naye nyumba moja, na alikuwa ameshatangaza kwamba mjukuu wa pili yuko njiani. Mimi nilikuwa hoi. Mume wangu alikubali tupumzike, ila aliniomba mama yake asijue, maana nyumba ingegeuka mahakama.

Niliingia namba nne na kichwa kimejaa maneno ya watu, kwamba kitanzi hupanda hadi moyoni. Sista alinipa kimoja nikishike, akanionyesha mchoro, akaniuliza kitapitia njia gani kufika huko. Nikamrudishia. Nilikohoa nilipoambiwa, tumbo likanivuta kama siku mbaya ya hedhi, kisha nikabaki nimelala nasubiri kuwekewa. Kumbe mwenzangu ameshamaliza zamani, ananawa mikono!

Sasa kadi. Kadi zote hurudi masjala, na masjala ni mimi. Kwa hofu kwamba mama mkwe akija kuchukua mapazia ataiona, nikaichomeka kwenye sanduku la kadi za meno. Wiki sita baadaye nilirudi kukaguliwa nyuzi za kitanzi. Sista akaandika karatasi ya kuomba kadi, akanikabidhi niipeleke masjala, yaani nijipelekee mwenyewe. Nilijitafuta nusu saa nzima bila kujiona, nimesahau ni sanduku lipi. Sista akanifungulia kadi mpya, akaifungia kwenye droo yake, wala hakuuliza neno.

Kilichonichanganya kabisa ni chai ya saa nne. Sista na mama mkwe ni marafiki wa kufa na kuzikana, na benchi lao liko chini ya dirisha la masjala. Kila siku nilimsikia mama mkwe akilalama kwamba mkwe wake ana nini, mbona kimya. Sista anapuliza chai, anamwambia awe na subira. Mimi huku juu najiuliza kama leo ndiyo leo. Miaka mitatu! Kwa miaka mitatu nimekunywa mizizi ya kila rangi aliyonichemshia mama mkwe, na tumbo halikujaa ila gesi. Nilipokuwa tayari, Sista alikitoa kitanzi, na mwaka haukuisha nikashika mimba. Mama mkwe akaisifu mizizi yake idara nzima. Sista akampa hongera.

Haya yote nisingeweza kuyachapisha bila kumwambia mama mkwe mwenyewe kwanza. Wiki iliyopita nilikwenda dobi nikamweleza kila kitu, nikiwa nimeshika mlango ili ikibidi nikimbie. Hakuinua uso. Alimaliza kukunja shuka, akachukua lingine, ndipo akaniuliza kama nadhani mume wangu na mdogo wake wamepishana miaka tisa kwa bahati tu.

Niliuachia mlango. Chumba hichohicho, Sista huyohuyo, tena mwaka wake wa kwanza kazini! Nikamuuliza kama ni hivyo, kwa nini alinisakama. Akakaa juu ya mzigo wa mashuka, akasema mama yake mkwe alimsakama yeye hadi anaingia kaburini, naye akadhani ndivyo mama mkwe anavyotakiwa kuwa. Aliniomba radhi. Tulilia wote wawili. Kisha akaikumbuka ile chai, na malalamiko ya miaka mitatu aliyompelekea mtu anayejua yote, akacheka hadi akashika mbavu. Ameniambia niandike, nisifiche kitu.

Sista, mpaka leo sielewi ulikaaje kwenye lile benchi na siri zetu zote mbili, na chai isikupalie. Wenzako wote wanakushukuru. Kalale mpaka uchoke kulala, na afya isikupungukie. Ijumaa tumekuwekea kiti katikati ya mama mkwe na mimi. Ukitaka kutusema, ruhusa unayo.