Walimufukuza Feza, Mutoto Wangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, wa milimani na wa porini. Miye naitwa Mama Veronika, wa Mushaki. Masomo nilifika mwaka wa pili tu, munivumilie. Lakini majina ya watu sijasahau hata moja, na leo nawaambia ginsi jina moja lilikaribia kuniua, na ginsi Mungu alinitoa.

Kisha kupata uhuru, miaka tatu ao ine hivi, vita iliingia mu milima yetu. Wale tuliolima nao, na wale waliotuletea maziwa mulangoni, wakaanza kuchomeana nyumba. Yetu iliwaka asubuhi, maharagi ikiwa bado ku moto. Tulikimbia watu watatu: bwana yangu Ndoole, miye, na binti yetu Feza, ambaye alikuwa hajaacha kunyonya. Tukateremuka mu pori, upande wa Walikale, siku nane kwa miguu. Siku ya pili Feza akashikwa na surua. Siku ya saba akafia mugongoni mwangu na sikujua. Mama mumoja aliyekuwa nyuma yangu njo aliniambia: «Mama, simama. Mutoto wako, kichwa yake imelala vibaya.»

Hatukumuzika. Bunduki zilisikika nyuma, na hatukuwa na jembe. Ndoole alimulaza chini ya muti, akamufunika na majani makubwa, akasema: «Tutarudia.» Ndugu zangu, hatukurudia.

Tulifika kijiji cha Kibua. Wenyeji walitupokea, wakatupa nafasi na mihogo. Lakini maziwa yangu iliendelea kutoka, na nikaanza kusikia Feza analia mu pori. Nilikuwa naacha jembe shambani, naenda kumutafuta kifua wazi ili anyonye. Mara ya tatu walinitoa mutoni, maji ikiwa imefika shingoni.

Wakimbizi wenzetu walikuwa na nyumba ya maombi ya matete. Muzee wa maombi alikuwa Papa Simeoni, muntu wa Masisi, aliyemupenda Mungu kweli kweli. Aliposikia habari yangu alisema ni pepo. Wakanifunga muguu ku nguzo ya nyumba ile na kamba ya pori. Maji kidogo jioni, chakula hapana, kwa sababu pepo akisikia njaa atatoka. Walionishika ni Simeoni mwenyewe, na waombaji wake wawili, Kasole na Mama Furaha. Siwataji kwa kuwatia haya. Wote wamelala, na wote niliwasamehe wakiwa wazima.

Kila asubuhi Papa Simeoni aliweka mukono ku kichwa yangu, akauliza: «Pepo, jina lako nani?» Na miye, mu akili ile kidogo iliyobaki, nilikuwa na jina moja tu. Nikajibu: «Feza.»

Wakafurahi. Waliona pepo amejitaja. Tangu siku ile waliimba, wakapiga ukuta na matawi, wakasema: Feza, toka. Feza, hauna nafasi hapa. Feza, kwenda, rudia kule ulitoka. Mama Furaha alikuwa na sauti nzuri kupita wote, na sauti ile nzuri njo ilikuwa inamufukuza mutoto wangu.

Mutaniuliza: na bwana yako alikuwa wapi? Alikuwa mulangoni. Kwetu, muntu aliyekufa na hajaliliwa matanga, jina yake haitajwi. Kuitaja ni kumuita arudie na hasira. Ndoole alikuwa amebatizwa, lakini sheria ile ilikuwa mu mifupa yake. Hakuna muntu Kibua aliyejua mutoto wetu aliitwa nani. Basi, alisikia wanamufukuza binti yake kama mbwa, na akanyamaza. Siku tisa alinyamaza. Mimi nilikuwa siwezi tena kusimama, na ulimi ulikauka.

Siku ya kumi akafika Mama Elizabeti. Alikuwa asistanti sosiali kule Walikale, kazi yake kutembelea wakimbizi na kuandika nani mugonjwa, nani mujane, nani amechanganyikiwa. Mwanamuke mufupi, viatu mukononi asivichafue na matope. Papa Simeoni akamuzuia.

«Mama, hapa iko kazi ya Roho. Dawa ya serikali haiingii.»

«Papa, na miye naomba Mungu yule yule. Lakini huyu mama akikufia hapa, utasema Roho njo amemuua?»

Simeoni akasogea. Mama Elizabeti akakaa chini, mu udongo, akaninywesha uji na kijiko. Pale Kasole akaanza tena kumukemea Feza. Mama Elizabeti akainua kichwa.

«Feza ni nani?»

«Ni pepo,» Kasole akasema. «Alijitaja yeye mwenyewe.»

«Sikukuuliza weye, kaka. Namuuliza yule papa wa mulangoni, mwenye kulia.»

Ndoole alishika muti wa mulango.  Kisha akasema: «Ni mutoto wetu. Tulimuacha njiani.»

Mama Furaha akaangusha tawi. Papa Simeoni akakaa chini pale aliposimama. «Nimemufanya nini huyu mama,» alisema. Yeye mwenyewe njo alikata kamba.

Mama Elizabeti alinipeleka kwa munganga wa dispanseri kule Walikale, nikapata vidonge vya kulala. Lakini aliporudia na miye alisema: «Kidonge kitalaza mwili. Mutoto hajazikwa, na hiyo haina kidonge.» Ndoole akaomba mugomba. Kwetu, maiti ikikosekana, wanazika muti wa ndizi mahali pake, ili watu walie. Papa Simeoni alikuwa amehubiri mara mingi kwamba ile ni ibada ya sanamu.  Lakini akakamata mupanga, akaenda kukata mugomba yeye mwenyewe, akauzungusha kitambaa, akaubeba mukononi kama mutoto. Tukazika nyuma ya nyumba ya maombi. Akaomba: «Bwana, mupokee Feza, binti ya Ndoole na Veronika. Na utusamehe sisi tuliomufukuza.»

Njo pale nililia, mara ya kwanza tangu njia ile. Ndoole alilia akisema jina yake, Feza, Feza, bila woga.

Siwadanganyi, ndugu zangu, kile kilio cha porini hakikuisha siku ile. Nilikunywa vidonge miezi mingi, na wamama walikuja kuomba na miye, kila juma. Lakini siku moja nilipalilia mustari muzima wa maharagi mupaka mwisho, nikaona sijasikia kitu. Ni Mungu. Alimutumia Mama Elizabeti, alimutumia munganga, na alimugeuza Simeoni. Kutoka pale Simeoni hakuuliza tena jina la pepo. Alikuwa anauliza: «Kwenu nani alikufa?»

Weye mwenye mugonjwa wa akili nyumbani, mutegemee Bwana, na umufungue kamba. Umupeleke dispanseri, umuombee huko huko, tumbo yake ikiwa imeshiba. Kama unaogopa kukaa naye, uniite. Magoti yangu ni mabaya, lakini chini mu udongo bado ninakaa.