Mlango wa Filamu ya Kumi na Mbili

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi ya kusoma historia ya mpendwa wetu kwa sababu mimi ni mdogo wake wa pekee, na kwa sababu, kama mnavyonijua, kunyamaza siwezi.

Marehemu, tuliyemwita Kamanda ingawa hakuwahi kushika bunduki isiyo ya mbao, alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, akiwa wa pili kati ya watoto watatu. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na katikati ya masomo hayo, tarehe 2 Mei 1971, kaka yetu mkubwa alikwenda vitani, hakurudi, wala mwili wake haukuletwa.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare za shule, na tarehe 9 Agosti 1984 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu, ambao wote, kabla hawajajua kusoma, walikwisha kufa na kufufuka mbele ya kamera.

Kamera hiyo aliinunua mwaka 1991, ikiwa imeshachoka, akatengeneza filamu kumi na moja za kutisha, zote za wanajeshi waliokufa vitani wakainuka kurudi kwao, sare zikishonwa kwa mabaki ya vitambaa vya kiwandani, majeraha akiyapaka wifi kwa unga na rangi, na maiti wakiwa majirani walewale sita waliobeba jeneza leo, mmoja wao, fundi bomba, akifufuka na saa mkononi katika filamu zote, jamani, hata kumvua saa ilishindikana!

Mimi nilizichukia. Nilimwambia wazi kwamba anamchezea kaka yetu, na kila aliponiomba niwe dada anayemfungulia mwanajeshi mlango, nilikataa katakata kwa zaidi ya miaka thelathini, ndiyo maana filamu zote ziliishia mlangoni.

Novemba 2022 alianza kuugua figo, na daktari alipotueleza ukweli, nilikubali. Tarehe 11 Machi 2023 aliketi nyuma ya kamera kwenye kiti cha magurudumu, fundi bomba akabisha hodi, uso mweupe kwa unga, saa mkononi, nikafungua, na badala ya kupiga mayowe na kukimbia kama nilivyoelekezwa, nilimshika mkono nikamwambia aingie, tumemsubiri sana. Kamanda hakusimamisha kamera. Alilia, akacheka, akasema filamu imekwisha na imempita mwandishi wake.

Alifariki tarehe 29 Aprili 2023, saa nne asubuhi, wifi akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokubali kufa mara nyingi bila malipo, na wafanyakazi wenzake mliomwekea vitambaa. Filamu itaonyeshwa Jumamosi ijayo uani kwetu, kila mtu aje na kiti.

Pumzika kwa amani, Kamanda, na ukimkuta mkubwa wetu, mwambie mlango nilifungua.