Mwalimu Manase Sekibaha na Darasa la Nne la Mikokoni

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 8 Novemba 1958, ni Mwalimu Manase Sekibaha, mwalimu mkuu wa shule ya Mikokoni, barabara ya Pangani. Tangu juzi watu wanasema alikuwa mpole. Mpole hakuwa. Alikuwa amechoka, na kilichomchosha sote tunakijua, ila leo kitatajwa.

Marehemu alizaliwa Bumbuli mwaka 1911, mtoto wa tatu wa mzee Kristofa Sekibaha na mama Eliza, wakulima. Alianza kusoma shule ya misheni pale kijijini. Walimu Wajerumani walipoondolewa shule ilifungwa, naye akarudishwa kuchunga mbuzi. Ilipofunguliwa alikuwa kijana mwenye ndevu za kwanza, akakaa benchi moja na watoto wadogo bila kuona haya. Alihitimu ualimu mwaka 1933, akafundisha Amani, kisha Muheza. Januari 1949 akaletwa Mikokoni.

Alifunga ndoa na Ruthi, binti wa jirani, tarehe 14 Septemba 1935. Mama Ruthi asingependa tueleze mengi. Inatosha kusema kwamba posa ilikataliwa mara ya kwanza, mwalimu akarudi, ikakataliwa, akarudi tena, mpaka baba mkwe akasema heri ampe binti apate kupumzika.

Mikokoni alikuta shule ya watoto wa namna mbili. Wa kijijini ni Waislamu, asubuhi wako chuoni wakisoma Kurani, wanafika shule jua limeshapanda. Wa kambini ni watoto wa manamba wa shamba la mkonge, waliotoka kila upande wa nchi. Hao wanafika mapema, lakini mkataba wa baba ukiisha wanahama na baba. Wasichana walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Darasa la kwanza lilijaa mpaka mlangoni, la nne lilikuwa na nafasi ya kutandika mkeka.

Kwanza alimwendea Shehe Mwinyijuma, mwalimu wa chuo, ambaye yupo nasi hapa. Walizungumza siku kadhaa. Shehe alimwambia, "Mwalimu, wewe unawataka watoto, na mimi nawataka. Mungu ametupa asubuhi moja tu." Marehemu akajibu, "Basi tuigawe, Shehe, tusiigombanie." Wakagawana: chuo kikaanza baada ya sala ya alfajiri na kumaliza mapema. Baadhi ya wazazi walifuata. Wengine waliona mtoto akitoka chuoni mapema, wakamtuma kuteka maji.

Kambini palikuwa pagumu zaidi. Mwaka 1954 alikuja msichana mmoja, Benedikta, mrefu kuliko wenzake wote wa darasa la kwanza. Kabla mwalimu hajafungua kitabu, alishausoma ukurasa kwa kichwa, na uliofuata. Kumbe kila shamba baba yake alikohamia, makarani walimwandika darasa la kwanza kama mgeni, na kila mara alihamishwa kabla kitabu hakijaisha. Alimwuliza marehemu, "Shikamoo mwalimu. Hapa tutafika ukurasa wa mwisho?" Marehemu akamtia darasa la tatu siku hiyohiyo.

Mwaka uliofuata, miezi mitatu kabla ya mtihani wa darasa la nne, mkataba wa baba yake ukaisha. Marehemu akamfuata mnyapara Tadeo amwachie mtoto. Tadeo akacheka, "Mwalimu, mimi nahamisha watu wa kukata mkonge, sihamishi madaftari." Marehemu akamwambia, "Basi huyo mwache, hakati." Baba mtu alikubali. Benedikta akalala kwa Mama Ruthi mpaka mtihani, akafaulu, leo yuko shule ya kati. Tangu hapo kila mwaka nyumba ile ilijaa watoto wa kambini wa darasa la nne. Shukrani aliyopata ilikuwa maneno ya watu: eti mwalimu anakusanya vibarua wa shamba la mkewe.

Mkaguzi alikuja mwaka jana, akaona waliofaulu ni wachache, akasema watoto wa Mikokoni vichwa vizito. Marehemu akamjibu, "Bwana, waliofanya mtihani si wale niliowafundisha. Niliowafundisha wamehamishwa, waliofanya wamekuja juzi." Bwana hakusikiliza. Alisema wakifeli tena mwaka huu, darasa la nne litafungwa, na watoto wetu wataishia la tatu.

Kifua kilianza masika ya mwaka 1957. Daktari wa Tanga aliagiza alazwe. Alilala wiki moja, akatoroka kwenda kufundisha. Agosti mwaka huu alianza kukohoa damu, akasema atarudi hospitali mtihani ukiisha. Hakuna aliyemweza. Alifariki nyumbani, alfajiri ya Alhamisi tarehe 6 Novemba.

Mtihani ni Jumatatu, keshokutwa. Jana wazee wa kijiji na wanyapara walikaa, wakaamua watoto wote wabaki matangani mpaka siku ya tatu, yaani Jumanne. Shehe Mwinyijuma alisema kwa nia njema, "Mwalimu wa watu amekufa, watoto washike kalamu? Tutaonekana hatuna adabu." Mama Ruthi akamjibu kutoka ndani:

"Shehe wangu, miaka tisa mume wangu amewaomba watoto, mkampa nusu. Leo hawezi kuomba, naomba mimi. Adabu mliyomnyima akiwa hai msimlipe kwa Jumatatu."

Wazee wakabadili uamuzi. Kisha Shehe akasema yeye mwenyewe atawasindikiza wa chuoni. Tadeo naye ameahidi hakuna familia ya kambini itakayohamishwa kabla ya Jumanne, na ameahidi mbele ya watu. Basi sisi wenye msiba tunatangaza: matanga yanaanuliwa kesho Jumapili baada ya ibada. Mtu mzima anayetaka kukaa akae. Mtoto wa darasa la nne hakai.

Marehemu ameacha mjane, Mama Ruthi, watoto wanne, Ernesti, Timotheo, Eliza na Yohana, wajukuu wawili, ndugu zake wa Bumbuli, na watoto saba wa kambini waliolala nyumbani kwake jana.

Mungu amlaze kwa amani. Darasa la nne, Jumatatu saa mbili asubuhi.