Mzee Nyufa Anaziaga Kuta

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, kitengo chetu cha wadudu waenezao magonjwa kinamuaga mtu aliyekitumikia kwa miaka thelathini na minne. Kwenye barua za mwajiri anaitwa Fundi Sanifu Mwandamizi. Sisi wengine, kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa geti, tunamwita Mzee Nyufa, na yeye huitika upesi zaidi akiitwa hivyo.

Jina hilo amelitolea jasho. Kazi yake imekuwa kumsaka usubi, kidudu kidogo kuliko mbu, chenye rangi ya vumbi na kisichopiga kelele. Mchana hujificha kwenye nyufa za kuta, vichuguu na mabanda ya mifugo. Jioni hutoka kuuma watu, na wengine huwaachia kalaazar, homa ya muda mrefu inayovimbisha wengu na kuua isipotibiwa. Kwa hiyo Mzee Nyufa hawezi kuingia chumba asichungulie ukuta. Amechungulia kuta za benki, za kinyozi, na za ofisi ya mkurugenzi wakati mkurugenzi akimpa onyo. Mkewe anadai hata siku ya harusi yao macho yake yalikuwa ukutani.

Alianza kwa kuosha chupa za maabara, akapelekwa masomoni, akarudi kuongoza kazi za nje. Ndiye aliyetufundisha kupaka karatasi mafuta ya mbarika na kuzitundika karibu na vichuguu, ili usubi wanase nasi tujue wametanda wapi. Ramani ya mazalia aliyoichora na wenzake ndiyo tunayoitazama hadi leo tukiamua nyumba zipi zipuliziwe dawa kwanza. Anao pia mrija wa kunyonyea wadudu kwa mdomo. Chujio lake likitoboka, mdudu hushuka kooni, nasi humtania kwamba tumbo lake nalo linastahili kuingia kwenye ramani. Hucheka, kisha hubadilisha chujio.

Lakini wasifu huu ninaowasomea hautakamilika bila kisa cha posa. Nakijua vizuri kwa sababu aliyekuwa anaposwa ni mimi.

Wakati huo sikuwa na habari na kitengo hiki. Mtoto wa kaka yake alitaka kunioa, na ukoo wao, kwa sababu wanazozijua wenyewe, ukamteua Mzee Nyufa kuwa msemaji. Alikuja kwa gari la kukodi, amevaa koti lililopigwa pasi, akiongozana na shangazi wawili wa kijana, waliopendeza. Akaanza vizuri, maneno matamu, baba yangu anaitikia kwa kichwa. Katikati ya sentensi akanyamaza. Nyuma ya kiti cha baba kulikuwa na ufa. Akaomba radhi, akatoa tochi, akatoa mrija, akapiga magoti nyuma ya mwenye nyumba na kuanza kunyonya ukuta.

Baba aliuliza, kwa upole wa kutisha, kama wageni wamekuja kuposa au kukagua nyumba. Shangazi wakainamisha macho. Mimi, niliyekuwa nachungulia mlangoni, niliona ndoa yangu inaota mbawa.

Mzee Nyufa akainuka na usubi wake, na badala ya kuomba msamaha akauliza kama humo ndani kuna mtu mwenye homa isiyokata. Alikuwepo. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa, tumbo limevimba upande wa kushoto, mikono imebaki mifupa. Tulishamtibu malaria tena na tena bila nafuu, na siku ile tulimficha ili wakwe wasidhani kwetu kuna ugonjwa wa ukoo.

Baba akasema hakuna mgonjwa. Alikuwa analinda heshima yangu, na hadi leo sijamlaumu. Mama ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Aliingia ndani, akatoka amembeba mtoto, akampita baba bila kumtazama, akaenda kukaa kwenye gari la wageni. Mzee Nyufa akamfuata, gari likaondoka, na shangazi wakarudi kwao kwa miguu, viatu mkononi. Mmoja wao bado hajamsamehe, na ameniomba niliandike hilo.

Kipimo cha damu kilionyesha kalaazar. Daktari hakutuficha: mtoto alikuwa amecheleweshwa, na sindano zingeweza kumfaa au zisimfae. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mzee Nyufa alikuwa akipita wodini kumjulia hali, kisha anakuja kwetu kuziba nyufa, peke yake, hadi siku moja baba akavua shati akaanza kumkorogea udongo. Posa hawakuigusia. Homa ilipokata na mtoto akaomba chakula, baba alituma ujumbe kwamba wageni wanakaribishwa waje wamalizie sentensi yao.

Baada ya harusi nikaja kuomba kazi hapa.

Mzee wetu, jioni zako umezimalizia kwenye vichuguu vya watu. Kuanzia sasa ni za mkeo, aliyezingoja kwa subira. Ahsante kwa kazi, kwa utani, na kwa kutokuwa na adabu siku ile ilipohitajika. Tunakutakia afya njema, usingizi wa kutosha na kuta zisizo na cha kutazama.

Na ninyi mliokaa nyuma ya yule kijana mrefu wa safu ya mbele, mvumilieni. Ni mdogo wangu. Tangu apone, nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwambia ainame.