Mwalimu Filemoni Mseti na Kitabu cha Visima Saba

Wazee wetu, shikamooni. Familia imenipa mimi Simioni, mdogo wake marehemu, kazi ya kusoma maisha haya. Asiyependa maneno mengi avumilie leo, maana marehemu mwenyewe aliyapenda.

Mwalimu Filemoni Mseti alizaliwa tarehe 3 Mei 1919 hapa hapa Ikoma, karibu na mto Grumeti, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mseti na mama Wegesa. Alianza shule ya misheni mwaka 1930. Wakati wa likizo alichunga mbuzi, na siku moja alikazana kuandika herufi mchangani kwa kijiti hadi mbuzi wakamaliza mtama wa jirani, mzee Matiko. Alichapwa vizuri. Jioni akamwambia mama yake, "Lakini ile R, mama, ilikaa sawasawa!"

Alihitimu ualimu mwaka 1940, akafundisha Susuni kule Tarime hadi 1946, kisha akarudi nyumbani. Alikuwa amechoka kuwasomesha watoto wetu vitabu vya theluji na mbwa wanaolala kitandani. "Mtoto wa Kiikoma hajioni humu hata kivuli chake," alikuwa akisema, na akisema hivyo anapiga meza.

Tarehe 13 Oktoba 1945 alifunga ndoa na Robi. Shemeji yetu huyu alizoea kutania kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni daftari. Walijaliwa watoto watatu.

Daftari hilo ndilo lililozaa kitabu mwaka 1953, nacho kiliitwa Mokami na Visima Saba. Jina alilichukua kwa binti yake. Ni hadithi ya msichana anayekua huku kwetu, anamfuata bibi yake porini, anajifunza nyayo za fisi na majina ya visima vilivyojificha kwenye miamba. Misheni ilichapa nakala, na watoto walizisoma mpaka majalada yakabanduka.

Mama Wegesa hakufurahi tangu kitabu kinaandikwa. "Kwetu mgeni huletewa maji, haonyeshwi kisima," alimwambia. "Mbona unayaanika majina yetu juani?"

Marehemu akacheka. "Mama, ni kitabu cha watoto. Mtu mzima gani atakisoma?"

Basi mama akakataa kumtajia kisima cha saba. Ndiyo maana kitabuni hakina jina, na hadithi inaishia njiani.

Juni 1956 alikuja bwana mpimaji wa mipaka ya pori la wanyama, kitabu cha marehemu mfukoni. Wazee hakuwauliza neno. Aliwauliza watoto. Mokami, wakati huo ana miaka tisa, alipoona jina lake mkononi mwa mtu mkubwa alifurahi, akamshika mkono, akamwonyesha visima sita kwa siku mbili. Leo kila kimoja kina jiwe lililopakwa chokaa, na tumeambiwa atakayechota hapo atashtakiwa. Kilichobaki ni kile cha saba. Kikipatikana nacho, tutahama na vyungu vyetu kichwani.

Mtu yeyote asimlaumu mtoto. Baba yake alikataza, akasema kosa ni lake. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba nakala zirudishwe, na watoto wakazificha kwa kuwa wanazipenda. Hakuandika tena. Iliuma kumwona.

Machi mwaka huu alishikwa na homa, ikashuka kifuani. Dawa za zahanati hazikufua dafu. Agosti, akiwa hawezi tena kukaa, alimwuliza mama yake, "Cha saba kiko wapi?" Kesho yake alfajiri mama alichukua kibuyu akaondoka, akarudi mchana kibuyu kikivuja maji. Alikwenda na nani, hilo halimo katika wasifu huu.

"Kunywa, baba," akamwambia mwanawe.

Alikunywa yote. "Ya baridi," akasema. "Usiniambie kiko wapi, mama. Mimi nina mdomo wa wino."

Alifariki Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1957, akiwa na miaka thelathini na minane. Ameacha mama yake Wegesa, mjane Robi, watoto Mokami, Mniko na Waisiko, mdogo wake Simioni, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Tulimpenda sana, pamoja na kosa lake. Mungu ampumzishe kwa amani katika ardhi hii, maadamu bado ni yetu.

Tumepata habari kwamba bwana mpimaji naye atakuja kuzika. Familia inamkaribisha. Akae kivulini na wageni wengine, asihangaike kuzungukazunguka. Akisikia kiu aseme tu, maji ataletewa.